Pool ya Mabingwa Inatazamika?

Muulize kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, kama pool ni mchezo mtamu, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize kama angekaa saa mbili mbele ya televisheni kuwatazama mabingwa wa dunia wakiicheza, hapo ataanza kukuna kichwa. Ile ni ya kucheza, si ya kutazama, wengi watakwambia, na watu wa Iringa watawaunga mkono bila ubishi, jambo ambalo kati ya mikoa hii miwili halitokei kila siku. Lakini msemaji huyohuyo utamkuta jioni ameegemea ukuta wa baa, hana fimbo wala zamu, anawatazama watu wawili wa kawaida kabisa wakikosa mipira iliyo mdomoni mwa shimo. Na haondoki mpaka taa zizimwe.

Kwa hiyo hoja kwamba pool haitazamiki haisimami. Inatazamwa kila usiku, kuanzia Mbalizi na Uyole hadi Ipogolo na Mashine Tatu. Kinachobishaniwa ni kama ile ya wataalamu, inayochezwa karibu bila kosa, ina utamu uleule. Mimi naona inao, ila umefichika, na lawama kubwa ni ya wanaoionyesha kuliko ya wanaoicheza.

Meza ya baa ina utaratibu wake. Anayetaka kucheza anaweka sarafu yake ukingoni mwa meza, na hiyo ndiyo foleni. Aliyeshinda anabaki, aliyefungwa anakaa, anayeingia ndiye anayelipia mchezo. Maana yake, kati ya watu kumi waliozunguka meza, wawili wanacheza na watatu au wanne wanamsoma mtu watakayekutana naye muda si mrefu. Anaogopa mpira mrefu? Akibakiwa na mweusi mkono unatetemeka? Wengine wameweka soda, au hela, juu ya matokeo. Waliobaki ni makocha wa pembeni, ambao hawajawahi kushinda chochote lakini wanajua kila kitu: "Acha hiyo kaka, anza na ya kona!" Hakuna anayewanyamazisha. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imewafunga watu ndani ya makoti, mabishano hayo ndiyo yanayopasha chumba joto.

Kisha kuna meza yenyewe. Mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi kilichokunjwa ili isimame sawa, na bado haijasimama sawa. Kitambaa kilichanika karibu na shimo la katikati kikagundishwa. Mpira ukipigwa polepole kuelekea upande wa kaunta unapinda mwishoni wenyewe. Mwenyeji wa meza anajua hilo na analitumia. Mgeni aliyeshuka kwenye lori la kwenda Tunduma halijui, na watazamaji wanangoja kwa hamu alijue. Juu yao televisheni inarudia magoli ya Simba na Yanga ya wiki iliyopita, na hakuna anayeinua kichwa.

Pool ya wataalamu inaanza kwa kuondoa vyote hivyo. Meza imepimwa kwa pimamaji, kitambaa kimevutwa, mipira ina uzito mmoja. Wachezaji hawajuani na mtazamaji, mtazamaji hana sarafu ukingoni, na mwamuzi anataka kimya. Kilichobaki ni mchezo mtupu, na mchezo huo una tabia moja inayomtesa anayeutazama kwa mara ya kwanza: ukichezwa vizuri kabisa, unaonekana rahisi.

Chukua mfano. Umebakiwa na mipira mitatu ya kundi lako, halafu mweusi. Mmoja umekaa mdomoni mwa shimo la kona, ukiupulizia unaingia. Wa pili uko katikati ya meza, wazi. Wa tatu umebanwa na mpira wa mpinzani karibu na ukuta. Mchezaji wa baa, tisa kati ya kumi, anaanza na ule wa mdomoni, kwa sababu upo na raha ya kuingiza haingoji. Bingwa haugusi. Kwanza, ukikaa pale unamzibia mpinzani shimo. Pili, kwa kuwa unaingia ukitokea pembe karibu yoyote, ni akiba: mpira mweupe ukimpotea, anao wa kurudia. Ataanza na ule wa katikati, lakini ataupiga kwa namna ya kuufanya mweupe ukagonge ule uliobanwa na kuufungua. Akishaufungua anauingiza, kisha ndipo anaugusa ule wa mdomoni, kwa nguvu iliyokadiriwa, ili mweupe usimame mahali pa kuuona mweusi. Mapigo manne. Kwa jicho lisilojua, ni mipira minne rahisi, na mtu anajiuliza hela za zawadi zinatolewa kwa lipi.

Ugumu wote ulikuwa katika kuamua, na uamuzi haupigwi picha. Hapa ndipo ninapowatetea watu wa Mwanjelwa na kuwalaumu kidogo kwa wakati mmoja. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda pale Kabwe, au Miyomboni upande wa Iringa, utakuta drafti la vizibo vya soda na watu wanane wamelizunguka. Hakuna anayekimbia, hakuna anayerusha kitu, na watazamaji wamesahau abiria. Wanatazama uamuzi. Wanaona ubao wote kama anavyouona mchezaji, wanapiga hesabu mbele yake, na akisogeza tofauti na walivyotarajia, nusu wanaguna na nusu wanacheka. Pool ya mipira 8, hii ya makundi na mweusi, iko karibu na drafti kuliko ilivyo karibu na mpira wa miguu, na watu wanaoweza kulitazama drafti saa nzima wana kila kifaa cha kuifurahia.

Kuna tofauti moja kubwa, hata hivyo, na wapenzi wa pool hawapendi kuikiri. Katika drafti mpinzani anajibu kila mara. Ndondi zina majibu, soka lina majibu. Katika pool ya kiwango cha juu mtu anaweza kuvunja, kuchagua kundi lake na kumaliza meza yote wakati mwenzake amekaa kwenye kiti akifuta fimbo. Amefungwa bila kugusa chochote. Huo ndio udhaifu wa kweli wa mchezo huu kama tamasha, na unaongezeka kadiri wachezaji wanavyokuwa wazuri.

Waandaaji wengi wa pool ya kulipwa wakakimbilia mipira 9, ambayo angalau ni rahisi kuifuata. Huko sheria inakulazimisha kugonga kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, kwa hiyo hata bibi yako akikaribia televisheni anajua unaofuata ni upi. Mosconi Cup, mashindano yanayozikutanisha Ulaya na Marekani tangu 1994, yanachezwa kwa mipira 9, na ukumbi wake huimba na kuzomea kama jukwaa la Sokoine siku ya Prisons na Mbeya City. Mipira 8 inampa mchezaji uhuru wa kuchagua. Uhuru huo ndio akili ya mchezo, na ndio unaomwacha mtazamaji gizani.

Lakini mipira 8 ina kitu ambacho mipira 9 haina, nacho ni kwamba matokeo yanayoonekana yanadanganya. Mchezaji aliyeingiza mipira sita anaonekana anaongoza. Iwapo wa saba umebanwa na hana njia, yuko taabani: mipira yake imeondoka mezani, haimzibii tena mpinzani, na mwenzake ana mipira sita au saba iliyotapakaa, kila mmoja ni shabaha na kila mmoja ni ukuta wa kujifichia. Mara nyingi anayeongoza kwa hesabu ndiye anayeelekea kufungwa. Sijui michezo mingine mingi yenye kejeli ya namna hiyo. Na wazee wa meza za Kihesa wanaijua vizuri. Utawasikia wakimwonya kijana mwenye haraka asiimalize mipira yake kabla hajajua wa mwisho utatokea wapi. Vita vya kujificha vinapoanza, mmoja akiuegesha mweupe nyuma ya ukuta wa mipira yake na mwingine akitafuta njia ya kuzunguka, ndipo pool ya wataalamu inapopata yale majibizano inayoyakosa.

Historia ya televisheni inaunga mkono hoja kwamba mchezo wa namna hii unatazamika, tena kwa njia ya ajabu. Mwaka 1969 BBC2 ya Uingereza ilianzisha kipindi cha Pot Black, na sababu kubwa ilikuwa kuonyesha televisheni ya rangi: snuka, binamu wa pool, ilikuwa na mipira ya rangi nyingi. Miaka 16 baadaye, usiku wa Aprili 1985, fainali ya dunia kati ya Steve Davis na Dennis Taylor ilikwenda mpaka baada ya saa sita, na watu milioni 18.5 walikuwa bado macho. Taylor alianza kwa kufungwa 8-0. Hakuwahi kuongoza hata dakika moja, mpaka mpira mweusi wa mwisho wa mchezo wa 35 ulipoingia na kumpa ushindi wa 18-17. Na ule mweusi haukuingia kwa ustadi wa kutisha. Waliukosa wote wawili, zaidi ya mara moja. Davis alipata nafasi ambayo siku nyingine angeimaliza bila kufikiri, akaikosa. Mikono ilikuwa inatetemeka, kama ile ya baa.

Kwa hiyo kosa lina thamani. Ukiliondoa kabisa unabaki na maonyesho ya ufundi, mazuri kwa dakika 10. Mtu atanipinga kwa Ronnie O'Sullivan, ambaye mwaka 1997 alifunga pointi 147, alama ya juu kabisa katika snuka, kwa dakika 5 na sekunde chache bila kosa lolote, na hakuna aliyesinzia. Nakubali, na nadhani siri ilikuwa kasi. Alikuwa anatembea kuelekea mpira unaofuata kabla ule wa kwanza haujatua, na mtazamaji akapata hofu kwamba muda wowote atajikwaa.

Katika mipira 8 yenyewe, jina la kutaja ni Efren Reyes wa Ufilipino. Mwaka 2004 alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira 8 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, akiwa tayari ana ule wa mipira 9 wa 1999. Ukiwatafuta wachezaji waliokuwa wakilenga kwa usahihi kuliko yeye, huenda utawapata. Aliwavuta watu kwa sababu alikuwa mtaalamu wa kutoka matatizoni: akifichwa, alikuwa anaugonga ukuta mara mbili tatu na kuupata mpira ambao ukumbi mzima ulishaukatia tamaa. Pigo lake la 1995 dhidi ya Earl Strickland, mweupe ukichora herufi Z mezani, bado linazunguka kwenye simu za watu ambao hawajui hata mashindano yalikuwa yapi.

Reyes huyohuyo alikuwapo pale mipira 8 ilipojaribiwa kwa hela nyingi. Ziara ya IPT, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005, iliuchagua mchezo huu na kuweka kitambaa kizito kinachopunguza mwendo wa mipira, ili wataalamu wasimalize meza kirahisi. Mwaka 2006 huko Reno, Reyes alishinda zawadi ya dola 500,000. Kisha waandaaji wakashindwa kulipa zawadi kwa wakati na ziara ikafa. Hela ilinunua mabingwa, haikununua watazamaji.

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa tuna tatizo la ziada ambalo Waingereza hawakuwa nalo. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mapema miaka ya 1970. Bara tuliingoja mpaka 1994. Vizazi vizima vya Mbeya na Iringa vilijifunza kufuatilia michezo kwa sikio, redio ya mbao mezani na sauti ya mtangazaji Charles Hilary ikikupeleka uwanjani. Soka linakubali kusimuliwa. Pool haikubali. Jaribu kumweleza mtu kwa maneno mahali ulipo mpira mweupe, uliobanwa na upi, na pembe ya ule wa kona. Ukimaliza kueleza, mchezo umekwisha. Mchezo usioingia redioni ulikuwa na safari ndefu ya kuingia mioyoni mwa watu wasiokuwapo chumbani.

Hata hivyo kulikuwa na kipindi ambapo watu walijaa kuutazama. Kampuni ya Bia Tanzania, TBL, kupitia bia yake ya Safari, ilidhamini mashindano ya taifa ya pool, yaliyojulikana kama Safari Pool Taifa, yakianzia mikoani kabla ya fainali. Miaka ya mwanzo ya 2010 yakaongezwa ya vyuo vya elimu ya juu, nayo yakapita Iringa na Mbeya pia. Iringa peke yake ina Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa. Mbeya ina MUST, TEKU na tawi la Mzumbe. Mashindano hayo yalikuwa na michezo ya mtu mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, lakini moto ulikuwa kwenye timu. Katika timu, mchezaji anayemaliza meza peke yake hawanyimi watu raha, kwa sababu anawaongezea wao bao. Yule aliyekaa kwenye kiti bila kugusa fimbo anajua mwenzake anafuata. Majibizano yanayokosekana ndani ya mchezo mmoja yanapatikana kati ya mchezo na mchezo.

Na watu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufundishwa kushangilia kilicho chao. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza nafasi ya 3, mji ulivaa zambarau na mashabiki wakaifuata timu kwa mabasi hadi Dar es Salaam. Lipuli ya Iringa ilikuwa na watu wake pale Uwanja wa Samora hata siku za kufungwa. Mpe mtazamaji jina la mkoa wake na atatazama mambo mengi.

Lakini udhamini wa bia ulikuwa na gharama yake. Uliifunga pool ndani ya baa, na baa inapolaumiwa pool inalaumiwa nayo. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na viongozi wa mikoa na wilaya wakaja na marufuku zao. Katika mikoa inayoamka alfajiri kwenda kwenye mahindi, viazi, chai na mbao, lawama hiyo ilipata masikio mepesi, na sidhani ilikuwa ya uonevu mtupu. Meza inayojaa saa nne asubuhi inasema mengi kuhusu ajira kuliko kuhusu mchezo. Ila matokeo yake ni kwamba mzazi wa Gangilonga anayemruhusu mwanawe kutazama ndondi usiku kucha atazima televisheni akiona meza ya kijani. Ndondi, kumbuka, watu wanapigana.

Waganda wameuvuka mto huo. Chama chao cha pool kimekuwa na ligi ya klabu yenye udhamini wa Nile Special, bia vilevile, na wachezaji kama Caesar Chandiga na Ibrahim Sejjemba wakawa majina ambayo gazeti la michezo linaweza kuyaandika bila kuyaeleza. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtazamaji anayejua kwamba Sejjemba alimfunga fulani msimu uliopita tayari ana kitu mezani, hata kama hana sarafu.

Uingereza nako, ambako ubingwa wa dunia wa mipira 8 wa meza ndogo umechezwa kwa miaka mingi Blackpool, mji wa pwani wa watu wa kawaida, kundi la Ultimate Pool limeingiza saa: kila pigo lina sekunde zake na mechi nzima ina muda. Wachezaji wa zamani wanalalamika kwamba saa inaua fikra. Mimi niko upande wa saa. Mtu anayefikiri kwa haraka anaonekana anafikiri; anayefikiri dakika tatu anaonekana amelala.

Lakini kama ningeulizwa kitu kimoja tu cha kubadilisha hapa kwetu, nisingeanza na saa wala na zawadi. Ningeanza na kamera. Video nyingi za mashindano yetu zinapigwa kwa simu kutoka kona, nyuma ya bega la mtu mrefu. Unaona mgongo, unaona fimbo, unasikia mlio, halafu watu wanashangilia kitu usichokijua. Mipira 8 ikionekana kutoka pembeni haina maana. Ikionekana kutoka juu ni ubao wa drafti, mipira yote 15 mbele yako na njia zote wazi. Simu moja iliyofungwa darini, inayotazama meza wima, ingefanya kazi ambayo mabango ya udhamini hayajaifanya.

Na sauti. Asiwekwe mtangazaji wa kusema "anapiga, anaingiza", maana hilo tunaliona. Awekwe mmoja wa wale makocha wa pembeni wa Mwanjelwa, wa kuropoka kabla ya pigo: anaacha ule wa kona, anautaka ule uliobanwa, akizidisha nguvu amekwisha. Akipatia, nyumbani mtu anajiona naye ameshaanza kujua. Akikosea, bora zaidi, kwa sababu makocha wengine 20 watampigia simu kumwambia.